Nyoka wa Mizunguko Minne

Baba yangu alikuwa mchuma mbegu. Ukimwona Jumapili kanisani na koti lake la kijivu usingedhani, lakini siku za kazi alikuwa juu ya miti ya msitu upande wa Isecheno, huko ambako hata tumbili hufikiri mara mbili, akijaza gunia mbegu za watu wa vitalu vya miche. Hakuwahi kuanguka. Alikufa kitandani kwa ugonjwa wa kifua, na viganja vyake vilikuwa bado na alama za kamba. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya miti na kamba kwetu hufikiri aliyeumia ni baba. Si baba. Ni mume wangu, na aliyejibu siku ile nilikuwa mimi.

Nyumbani kwetu mafundo yalikuwa na majina kama watu wa boma. Kulikuwa na Ndama, fundo la kufungia ng'ombe malishoni, ambalo ukivuta mkia wake mara moja linafunguka lote. Zuri kwa ng'ombe, zuri kwa mzigo wa kuni, lakini baba alisema mtu anayejifunga kwa Ndama ameshaaga. Kulikuwa na Mzee, kitanzi cha kwenye mshipi wa kiunoni, ambacho hakikazi wala hakilegei, na jioni kinakubali kufunguliwa bila ugomvi. Na kulikuwa na Nyoka. Nyoka ni kamba fupi inayozungushwa juu ya kamba ndefu ya kupandia, mzunguko juu ya mzunguko, kisha mkia unapitishwa ndani. Ukimsukuma kwa mkono anateleza kwenda juu bila shida. Ukimtwika uzito wako anaiuma kamba na habanduki. Maisha ya mpandaji yako kwa Nyoka.

"Fundo lisilo na jina halina mwenyewe," baba alikuwa akisema, "na kitu kisicho na mwenyewe hakuna anayekiuliza."

Kitu kingine alichosema ni kwamba usichague fundo kwa nguvu zake, chagua lile unaloijua tabia yake. Tabia ya Nyoka ni hii. Kwa kamba kuukuu yenye manyoya, mizunguko minne inatosha. Kwa kamba mpya, laini, inayong'aa, minne ni kujidanganya, maana anateleza. Hapo unampa sita. Hilo nililijua nikiwa na miaka tisa, hata kabla sijajua kusonga ugali usio na madonge.

Mimi nilikuwa mtu wake wa chini. Kwetu mwanamke hapandi. Hapandi paa, hapandi mti, na akishaolewa ndiyo kabisa, kwa sababu akipanda mumewe akiwa hai anamwitia kifo. Nyanya aliwahi kunichapa kwa kunikuta juu ya mpera, tena mpera mfupi ambao mbuzi angeufikia, na hapo mume mwenyewe sikuwa naye. Kwa hiyo baba alinipa kazi mbili za ardhini: kushika kamba, na kujibu.

Kujibu kulikuwa hivi. Kabla mguu haujaacha udongo, mpandaji anaita mafundo yake kwa majina.

"Mzee yuko?"

"Yuko."

"Nyoka ameuma?"

"Ameuma."

Lakini huruhusiwi kujibu kwa mdomo kabla ya macho. Unamsogelea mpandaji, unamtazama Mzee, unamtazama Nyoka, unamhesabu, ndipo unasema. Baba angeweza kunipiga kofi kwa jibu la haraka, naye hakuwa mtu wa makofi.

Mume wangu alikuja kwetu kujifunza kazi. Alikuwa kijana mrefu mwenye kiburi cha mikono yake, na mimi niliyeketi chini na bakuli la mboga ndiye niliyemwambia, mara ya kwanza kabisa, kwamba Nyoka wake amelegea. Alinitazama kama mtu aliyeumwa na siafu. Baadaye alikuwa akiwatania watu kwamba alinioa ili awe na jibu nyumbani. Baba alipokufa tuliendelea wawili, siyo kwa mbegu tena bali kwa kukata miti iliyoegemea nyumba za watu, tawi kwa tawi, kutoka Iguhu mpaka Mukumu na mjini Kakamega kwenyewe. Yeye juu, mimi chini. Miaka mingi, na hakuna siku nilijibu bila kuangalia isipokuwa moja.

Asubuhi ya siku hiyo tuligombana kwa ajili ya kamba. Alikuwa amenunua mpya mjini, ya bluu, laini kama utumbo, na alikuwa anaipenda kama mtu aliyepata pikipiki. Ile ya zamani akaitupia kwenye gunia, akasema sasa ni ya kushushia matawi tu.

Nilimwambia, "Baba watoto, hiyo inataka sita."

"Minne imenishikanga miaka yote."

"Imekushika kwa kamba kuukuu. Hii inateleza. Baba alisema..."

"Baba yako, baba yako," akanikata. "Kila siku niko juu ya mti na baba yako. Huyo mzee amezikwa, mwache alale. Ama ulitaka kuolewa na yeye?"

Mimi nina ulimi, siwafichi. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, yalikuwa yanahusu watu wa kwao na ujuaji wao. Naye akanijibu yake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, na sisi wawili tulijikwaa mpaka tukatoka damu. Kisha nikanuna. Nikinuna, hata kuku wanapita mbali. Tulitembea mpaka kazini bila neno, yeye mbele na kamba yake mpya begani, mimi nyuma na gunia la ile kuukuu kichwani.

Mti ulikuwa kwa mwalimu mmoja mstaafu hapo Iguhu, mkaratusi mkongwe uliogawanyika juu kuwa vigogo viwili, na kimoja kilikuwa kimeinamia jiko lake. Mama mkwe wangu alikuwa ameshafika na kamba ya kuni, maana kila mwanawe alipokata mti karibu na nyumbani yeye alikuja kuokota. Ilikuwa miezi ya mvua. Kwetu mvua hiyo haibishi hodi, ikifika saa tisa mchana inamwagika, na mtu mwenye akili hapaswi kuwa juu ya mti saa hiyo. Tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya ule ugomvi.

Alijifunga. Mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake, mikono nimefunga kifuani.

"Mzee yuko?" akaita.

"Yuko."

"Nyoka ameuma?"

Barabarani kulikuwa na mwanamke anapita na kuku wawili, miguu imefungwa, vichwa chini. Nakumbuka nilikuwa nawatazama wale kuku. Moyoni nilisema, si umesema baba yangu alale, basi jiangalie mwenyewe.

"Ameuma," nikasema.

Hakuondoka mara moja. Alisimama kidogo, mkono juu ya kamba, kisha akapanda.

Alifanya kazi vizuri karibu saa nzima. Matawi madogo yalianguka, mama akayaburuta kando. Kisha alifika kwenye tawi kubwa lililokuwa juu ya jiko, na upepo wa mvua ukaanza kusogea kutoka upande wa msitu. Nilisikia mlio wa tawi kuvunjika kabla hajamaliza kulikata. Liligeuka, badala ya kwenda chini likarudi kwake, likampiga kifuani, akatoka alipokuwa amesimama.

Hapo ndipo Nyoka alipaswa kuuma. Uzito wake wote uliangukia kamba, na fundo halikushika. Liliteleza. Nililiona likiteleza, nikaona moshi mdogo ukitoka kwenye kamba ya bluu, na mume wangu akishuka nalo mita nne, tano, akipiga mikono hewani. Kisha mguu wake wa kushoto uliingia kwenye panda la matawi mawili ukakwama. Mwili ukapinduka. Kamba mpya ilikuwa imeyeyuka kidogo kwa joto la msuguano, na sasa fundo likagandia hapo hapo, haliendi juu wala chini. Nyoka aliuma baada ya kuchelewa. Mume wangu akabaki amening'inia juu kuliko paa la mwalimu, kiuno kwenye mshipi, mguu mmoja umebanwa, kichwa chini ya miguu.

Sikupiga kelele. Mama ndiye aliyepiga.

Baba alikuwa amenifundisha habari hiyo pia. Mtu anayening'inia kwa kiuno bila mahali pa kukanyaga usikae unamwombea, alisema. Damu inalala mahali isipotakiwa kulala, pumzi inakatika kidogo kidogo. Ana muda wa kusonga obusuma, ugali wetu, hana muda wa kuchemsha maharagwe. Nilikuwa nikisikia sauti yake masikioni kama mtu anayenigombeza.

Mwalimu alitoa simu. Nilimpa namba ya mpandaji mwenzetu wa Isecheno, akapokea, akasema anakuja, lakini yuko ng'ambo ya msitu na njia ni matope. Saa moja, akasema. Labda zaidi. Wanaume wawili waliokuwa wakipita na baiskeli wakasimama, wakaingia uani, wakatazama juu. Mmoja alijaribu kupanda na viatu vyake vya kanisani akashindwa kabla hajafika urefu wa mlango. Nilimtazama akiteleza kurudi chini, na nilijua. Katika ua ule hakuna mtu aliyejua mafundo ila mimi.

"Mwalimu, niletee ngazi," nikasema.

Chini ya sketi nilikuwa na suruali ya kazi. Nikavua sketi hapo hapo mbele ya watu, nikatoa ile kamba kuukuu kwenye gunia, nikakata kipande cha kuzungushia shina na mshipi wa kujifunga, iliyobaki nikaitundika begani. Mikono ilikuwa inajua. Mzee upande wa kulia wa kiuno. Nyoka upande wa kushoto, ili niweze kufupisha na kurefusha kamba nikipanda. Kamba ilikuwa kuukuu, lakini siku hiyo sikumpunja mizunguko.

Mama mkwe alikuja akanishika mkono. Yule mama ni mdogo wa mwili, lakini siku hiyo vidole vyake vilinibana kama koleo.

"Hupandi," akasema.

"Mama, niache."

"Mwanamke hapandangi. Mwanangu bado yuko hai, namsikia akipumua. Ukipanda unamuua."

"Na nisipopanda nani anamuua?"

"Ni Mungu."

"Basi leo Mungu atanisamehe. Niache, mama."

Hakuniacha. Alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimeanza kumchukia, na juu mume wangu alitoa sauti kama mtu anayekoroma. Ningeweza kumsukuma. Kwetu mtu hamsukumi mama mkwe wake, ni laana nyingine kubwa kuliko ya mti, lakini mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Nilichofanya badala yake hata leo sijui kilitoka wapi. Nilichukua ule mkono wake ulionibana nikauweka juu ya fundo.

"Mama, mimi sipandi bila mtu wa kunijibu," nikasema. "Huyu anaitwa Nyoka. Hesabu mizunguko yake. Usitazame uso wangu, tazama kamba. Hesabu."

Alinitazama kama nimeshikwa na wazimu. Kisha akainama. Macho yake ni ya mtu mzima, ilibidi ahesabu kwa kidole.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Nne. Tano." Kidole kikapapasa. "Sita."

"Nyoka ameuma?"

"Sijui mambo hayo."

"Vuta kwa nguvu zako zote uone kama anateleza. Nyoka ameuma?"

Alivuta, mpaka nikayumba.

"Ameuma," akasema.

Hivyo ndivyo inavyojibiwa. Mwanamke ambaye hajawahi kugusa kamba isipokuwa ya ng'ombe na ya kuni alijibu vile nilivyopaswa kujibu saa moja iliyopita. Nilikanyaga ngazi na aibu yangu.

Ngazi iliisha mapema. Baada ya hapo ni shina, na shina la mkaratusi ni laini kama ukuta uliopakwa rangi. Unarusha kamba juu kidogo, unaegemea nyuma, unapandisha miguu, unasukuma Nyoka, unaegemea tena. Nimewatazama baba na mume wangu wakifanya hivyo maisha yangu yote, na sikujua kwamba magoti yanauma namna ile. Sikutazama chini. Nilikuwa naongea na baba, naongea na Mungu, natukana. Ngurumo ilipiga upande wa msitu. Nilikuwa nawaza watoto wangu wawili walioko shule, kwamba leo jioni watakuta wazazi wawili kwenye mti mmoja.

Nilipomfikia, uso wake ulikuwa umevimba na rangi ya bilinganya. Macho yalikuwa wazi.

"Umepanda," akasema. Sauti ilitoka kidogo sana.

"Nyamaza."

"Mama ameona?"

"Mama amehesabu. Nyamaza, usimalize pumzi."

Ile kamba ya bluu ilipita mbele ya macho yangu, na fundo lilikuwa pale, limeyeyuka na kung'aa kama nta. Bado ungeweza kulihesabu. Nililihesabu ingawa hapakuwa na haja. Minne. Ningekuwa nimetembea hatua kumi kabla hajapanda ningeiona minne, na mtoto wa miaka tisa angeiona. Nilitamani kuacha mikono nianguke, nasema kweli, kwa dakika ile niliona kuanguka ni rahisi kuliko kumtazama mtu huyu usoni. Lakini yeye alikuwa anakoroma tena.

Nilipitisha kamba kuukuu juu ya panda la juu yake, nikamfunga mwisho mmoja kifuani chini ya makwapa kwa Mzee, ule mwingine nikautupa chini. Nilimwita mwalimu. Nikamwambia auzungushe mara tatu kwenye shina la mparachichi wake, kwa sababu mizunguko mitatu kwenye shina inamwezesha mtu mmoja kumshika ng'ombe dume. Wale wanaume wawili wakashika nyuma yake, na mama nyuma yao.

"Vuteni," nikasema.

Walivuta. Kifua chake kikainuka, kichwa kikapanda juu ya kiuno, nikasikia akivuta pumzi ndefu ya kwanza. Lakini mguu haukutoka. Gambuti lilikuwa limebanwa na panda na mguu umevimba ndani. Nilitoa kisu nikalipasua gambuti kutoka juu mpaka chini, na kulikuwa na damu nyingi humo, na mguu haukuwa umekaa kama mguu. Nilimwambia anisamehe. Nikauvuta. Alipiga ukelele ambao watu wa barabarani waliusikia, kisha akazimia, na mguu ukatoka.

Nikakata kamba ya bluu. Wakamshusha polepole, shina la mparachichi likilia, mpaka mama akampokea kwa mikono yake. Mvua ilianza wakati huo huo. Wakamwekea blanketi ya mwalimu, wakampakia kwenye gari la jirani, wakaenda, na mimi nikabaki juu ya mti. Walinisahau, na walikuwa na haki. Miguu ilikataa kushuka. Nililia huko juu nikilikumbatia shina, maji ya mvua yakiniingia mdomoni, na nilichokuwa nasema ni neno moja tu. Ameuma. Ameuma. Yule mpandaji wa Isecheno alipofika ndiye aliyenishusha.

Hospitali ya Iguhu ilimpa damu na ikampeleka Kakamega. Siku ya nne walikata mguu chini ya goti. Nilitia sahihi mimi, kwa sababu yeye alikuwa hajapata fahamu vizuri, na ile karatasi nayo nilitaka kuiangalia mara mbili, mara tatu, mpaka muuguzi akaniuliza kama sijui kusoma.

Watu walisema, bila shaka. Kwetu maneno hayakosi miguu. Alipanda mti, walisema, na unaona, mguu umekwenda. Mama mkwe aliwasikia kwenye matanga ya jirani akawajibu mbele ya wote, "Alipanda mguu ukiwa umeshakwenda. Mimi nilimhesabia." Baada ya hapo hakuna aliyesema tena mbele yake. Alikuwa ananiita mtoto wake, jambo ambalo hakulifanya miaka yote ya ndoa, na kila aliponiita hivyo nilitaka kuingia ardhini. Alikuwa akinishukuru kwa kumwokoa mwanawe. Majuto ni mjukuu, lakini wangu alikuja siku hiyo hiyo, akaingia nyumbani, akakaa.

Sikumwambia mume wangu. Nilingoja apone kwanza. Kisha nikangoja azoee magongo. Kisha nikangoja aache kuamka akishika mguu ambao haupo. Ukingoja namna hiyo, siku ya kusema haifiki.

Kazi ilirudi kwa njia yake. Wenye miti waliendelea kupiga simu, na mpandaji nyumbani alikuwa mimi. Siku ya kwanza aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia laana imeshalipwa, twende. Sasa yeye anakaa chini kwenye kigoda, na mimi ndiye ninayeita. Lakini sikuita kama baba. Nililiacha lile swali. Nilikuwa nauliza, "Nyoka ana mizunguko mingapi?" Kwa sababu swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu anayetazama kuku barabarani.

Ilikuwa kwenye uwanja wa shule moja karibu na Mukumu, mbele ya msaiprasi uliopigwa na radi, ndipo aliponiuliza. Nilikuwa nimeshajifunga.

"Mbona siku hizi huulizi kama ameuma?" akasema. "Baba yako aliuliza hivyo. Wewe uliyemshikilia baba yako kila siku, ndiye uliyebadilisha."

Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anatania. Nilishika kamba. Nikaona kwamba nikisema uwongo sasa hivi nitakufa nao.

"Kwa sababu siku ile nilijibu bila kuangalia," nikasema. "Nilikuwa na hasira. Nilikujibu nikitazama barabarani. Ningeangalia ningeiona minne. Huo mguu ni mimi."

Hakushtuka. Alikuwa akichora mchanga kwa ncha ya gongo lake.

"Nilikuona," akasema.

"Uliona nini?"

"Nilikuona ukitazama barabarani. Kulikuwa na mama na kuku."

"Na ukapanda?"

Alifuta mchoro wake kwa ncha ya gongo.

"Nilifunga minne makusudi," akasema. "Nilijua inataka sita. Tulipokuwa njiani nilikuwa nimeshajua uko sawa. Nilisema moyoni, nitafunga minne, ataona, atakuja kunigombeza, nitafunga sita mbele yake, na huu ugomvi utaisha hapo. Nilisimama pale nikikungoja uje. Ukasema ameuma. Nikaona basi, hata kunitazama hutaki. Nikapanda."

Nilikumbuka ule mkono wake juu ya kamba, ule muda mdogo aliosimama. Miaka yote nilidhani alikuwa anapima upepo.

Mwalimu mkuu wa shule alikuwa anatutazama kutoka mlangoni mwa ofisi, anashangaa kwa nini kazi haianzi. Basi nikauliza lile ambalo nilipaswa kuuliza.

"Nyoka ana mizunguko mingapi?"

Akachukua magongo yake, akainuka kwenye kigoda, akazitembea zile hatua hadi nilipokuwa. Akaweka kidole juu ya kamba akahesabu mpaka sita. Kisha akaanza tena tangu moja, nami nikasimama nikamngoja.